Choo Kina Kiu

Basi tulilinunua kwa wasafiri wawili
walioishiwa hela hapa Mwanza,
na mpaka leo Budodi analiita jumba.
Lina kitanda, lina jiko la plati mbili,
lina choo, nyuma ya pazia la kitenge.
Leo Misungwi, kesho Magu:
tunauza mnadani, tunalala juu ya mtaji.

Harufu ilianza kwa adabu.
Ilibisha hodi alfajiri, ikaenda zake.
Kisha ikahamia.
Ikakaa kwenye mito, kwenye sukari, kwenye doti,
mpaka mteja wa Ngudu akanusa khanga, akaikunja,
akanirudishia taratibu
kama anayerudisha mtoto wa watu aliyesinzia.

Budodi akanunua manukato ya kopo.
Tukawa na waridi lililooza.
Akamwaga jiki, tukalia.
Akachoma udi. Mficha maradhi, kilio humfichua;
sisi tulifichuliwa na nzi.

Na ziwa liko hapo!
Kutoka mlangoni, hapa Luchelele, ni hatua ishirini na moja,
nimezihesabu ndoo ikiwa kichwani.
Lakini Budodi ni mtoto wa Shinyanga,
kwake maji ni kitu cha kuazima.
"Kikombe kimoja," ananiambia kila nikiinuka,
"tangi likijaa nani atalimwaga?"
Kikombe kimoja.
Kwa haja ya mtu mzima.

Siku choo kilipogoma, maji yalipanda badala ya kushuka.
Usiku ule nikamsikia anatoka,
spana mkononi, tochi mdomoni.
Mteremko ule unaishia ziwani.
Nikamfuata na kitenge kifuani.
"Nani atajua?" akasema.
"Mama Nyamizi anaanika dagaa hapo chini.
Kesho utanunua fungu, utalamba vidole."
Akakaa juu ya jiwe.
Nami nikakaa.
Hatukusemeshana mpaka majogoo ya Malimbe.

Asubuhi akaja Lugendo, mtu wa gari la maji taka.
Hakuziba pua. Hapo nikamwamini.
Akaingiza waya, akauchomoa, akaukazia macho
kama mganga na utumbo wa kuku.
"Kuna kichuguu humu," akasema.
Akapanda paani, akang'oa kwenye bomba la hewa
kiota cha nyigu, udongo mtupu, kigumu kama kisigino.
"Na hapa ndipo kilipotakiwa kupumua."
Kisha akamgeukia mume wangu,
akaonyesha ziwa kwa kidevu:
"Nyanza yote ile, ndugu yangu!
Mmekilisha miezi yote, hamkukinywesha."

Dawa: ndoo nane, sabuni ya unga viganja viwili,
kisha barabara.
"Ipi?"
"Mbaya kuliko zote unazozijua."

Tuliijua. Iko nyuma ya Buhongwa,
mvua iliichimba, hakuna aliyeifukia.
Kila korongo, tumbo la basi likanguruma,
sufuria zikajibu,
na Budodi, aliyekwepa mashimo maisha yake yote,
akawa anayatafuta,
analenga kulia, analenga kushoto,
anacheka kwa mara ya kwanza tangu Ngudu.

Kwenye mabwawa ya Butuja tukafungua vali.
Sauti ile sitaieleza.
Nitasema tu kwamba tulishikana mikono,
watu wazima,
tukiisikiliza mpaka ikaisha.

Siku hizi nikiinuka usiku namimina bila kupima.
Bado inamuuma. Namsikia gizani akihesabu,
kikombe cha tano, cha sita,
halafu anageukia ukutani.
Asubuhi ndoo iko mlangoni, imejaa pomoni,
na nyayo zenye maji zimeishia kitandani upande wake.
Simwulizi.